Damu ikikataa kuganda, tusimfukuze mama

Hebu nikuulize swali la Fom Foo. Mwanamke mbebaji wa himofilia ameolewa na mwanaume mzima asiye na ugonjwa huo. Onyesha watoto wao wanaweza kuwa vipi. Alama nne.

Kama ulipitia sekondari hapa Kenya, najua mkono wako umeshaanza kuchora kile kisanduku. X mbili za mama juu, X na Y za baba pembeni, halafu vyumba vinne katikati. Wote tulikichora. Mimi nilikichora mpaka mwalimu akaandika "safi" kwa biki nyekundu. Halafu tukafanya KCSE, tukafunga vitabu, na kisanduku kikaenda na maji pamoja na mambo mengine ya baiolojia.

Mimi nilikikumbuka tena Agosti 2018, huko ushago Bungoma, binamu yangu alipotahiriwa na damu ikakataa kusimama.

Niseme mapema ili tusidanganyane: mimi sio daktari. Hata diploma yangu niliiachia mwaka wa pili karo iliponishinda, na siku hizi ninaandika na kusota hapa Nairobi kama wasee wengine. Lakini nimekaa benchi za kliniki na huyo kijana mara nyingi, nimeuliza maswali mpaka manesi wakanizoea, na kuna jambo limenikaa rohoni. Nataka nikwambie wewe, kwa sababu huenda liko hata kwenu na hamjui.

Nitamwita Junior, sio jina lake. Mama yake ni mama yangu mdogo, yaani mathe wangu na mama yake ni ndugu wa tumbo moja. Wakati huo alikuwa na miaka 11. Sisi Wabukusu tunatahiri miaka inayogawanyika kwa mbili, mwezi wa nane, kwa hivyo 2018 ulikuwa mwaka wake. Akapiga chinyimba, akazunguka akialika watu, akaenda kwa khocha, mjomba wake, kama desturi inavyotaka. Asubuhi ya siku yenyewe alisimama wima. Hakupepesa jicho. Watu wakashangilia.

Mpaka saa sita mchana bado alikuwa anavuja.

Mwanzoni wazee walisema ni kawaida, damu ya kijana ina nguvu. Jioni wakaanza kuulizana ni nani amevunja mwiko. Majani yakapondwa, vitambaa vikabadilishwa. Usiku akapakiwa kwenye boda hadi zahanati, akafungwa bandeji, wakaambiwa warudi nyumbani. Siku ya tatu, kijana ameshakuwa mweupe midomo, ndipo akafikishwa hospitali kubwa ya rufaa. Huko daktari akauliza swali moja tu: "Upande wa mama, kuna mvulana aliyewahi kuvuja damu namna hii?"

Mama mdogo akanyamaza kwa sababu hakujua. Kukhu, bibi yetu, ndiye alianza kulia. Kumbe kabla ya mama mdogo kuzaliwa, kukhu alikuwa na mtoto wa kiume ambaye aling'olewa jino akavuja mpaka akafa. Familia ilisema ni jicho la jirani. Jina lake halikutajwa tena nyumbani, kwa miaka zaidi ya thelathini.

Majibu ya damu yakaja: himofilia A. Mwili wa Junior hautengenezi vya kutosha ile protini inayoitwa fakta ya nane, mojawapo ya zile zinazosaidia damu kuganda. Ukikosa ya nane ni himofilia A, ukikosa ya tisa ni himofilia B. Himofilia A humpata takriban mvulana 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa. B ni nadra zaidi.

Akawekewa dawa, damu ikasimama. Hadithi ingeishia hapo ningekuwa na furaha. Lakini daktari alikuwa amesema ugonjwa huu "hutoka kwa mama", na neno hilo lilifika nyumbani kwa baba yake Junior kabla hata kidonda hakijapona. Wiki chache baadaye mama mdogo alirudi kwao kwa pikapu, na godoro, na sufuria, na Junior, na dada yake Junior. Aliambiwa amekuja kuharibu damu ya ukoo.

Sasa sikia. Kama wangesema ni uchawi, ningejua cha kujibu. Lakini walitumia sayansi. Walichukua nusu ya kile kisanduku cha Fom Foo wakakifanya rungu. Ndiyo maana nasema tusome kisanduku chote.

Twende pole pole. Kila mtu ana kromosomu mbili za jinsia. Mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X moja na Y moja. Jeni la fakta ya nane na lile la fakta ya tisa yote yako kwenye X. Kwenye Y hayapo.

Chukulia X ni laini ya simu. Mwanamke ana simu ya laini mbili. Moja ikiwa na shida, nyingine bado inapiga, na mara nyingi hata hatajua kuna laini mbovu ndani. Huyo ndiye tunamwita mbebaji. Mwanaume ana laini moja tu ya X. Ikiwa mbovu, hana ya akiba. Ndiyo maana wavulana ndio huugua zaidi.

Mama mbebaji anapopata mimba, anatoa X moja kati ya zake mbili, na hachagui. Ni kama kurusha sarafu. Akipata mvulana, uwezekano wa kuwa na himofilia ni nusu. Akipata msichana, uwezekano wa kuwa mbebaji ni nusu. Na sarafu haina kumbukumbu: kama mvulana wa kwanza alikuwa nayo, haimaanishi wa pili atapona, wala haimaanishi wote watakuwa nayo.

Baba je? Baba humpa mwanawe wa kiume Y, na humpa binti yake X. Kwa hivyo mwanaume mwenye himofilia hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume. Lakini mabinti zake wote, bila kumruka hata mmoja, watakuwa wabebaji, kwa sababu hana X nyingine ya kuwapa. Ndio huo ugonjwa unaoonekana kuruka kizazi: babu anao, binti anaonekana mzima, mjukuu wa kiume anavuja damu. Watu wakiona hivyo husema ni laana ya ukoo. Ni hesabu tu.

Sasa turudi kwa wale waliompakia mama mdogo kwenye pikapu. Mnasema imetoka kwake. Sawa. Yeye aliitoa wapi? Kwa kukhu. Na kukhu aliitoa wapi? Huenda kwa mama yake, huenda kwa baba yake. Huenda hakuitoa kwa mtu. Karibu thuluthi moja ya wagonjwa wa himofilia hawana historia yoyote ya ugonjwa huu kwao. Jeni hubadilika lenyewe, bila mtu kukosea. Na kwa himofilia A, mabadiliko hayo mapya mara nyingi huanzia kwenye mbegu za mwanaume. Yaani babu mzaa mama, mzee mzima asiye na shida, anaweza kuwa ndiye alimpa binti yake laini mbovu na asijue mpaka anazikwa.

Na kama tunataka kugawana lawama, tugawane vizuri. Ni nani alimpa Junior ile Y isiyokuwa na laini ya akiba? Baba yake. Angempa X yake nzima, Junior angezaliwa msichana na asingevuja siku tatu. Naona sasa umecheka. Ndiyo, ni upuzi kumlaumu baba kwa kutoa Y, kwa sababu hakuchagua. Basi ni upuzi uleule kumlaumu mama kwa kutoa X.

Ukidhani ni mambo ya watu maskini wa ushago, mfikirie Victoria, yule malkia wa Uingereza ambaye ziwa letu linaitwa kwa jina lake. Alikuwa mbebaji, na haijulikani kama kuna mtu kwao aliyekuwa na ugonjwa huo kabla yake. Alizaa watoto tisa. Mwanawe Leopold alikuwa na himofilia, akafa 1884 baada ya kuanguka, akiwa na miaka 30. Mabinti wawili, Alice na Beatrice, walikuwa wabebaji, wakaolewa na watu wakubwa wa Ulaya. Mjukuu wa Victoria kupitia Alice akawa malkia wa Urusi, na mwanawe Alexei, aliyezaliwa 1904 kuwa mrithi wa ufalme, alikuwa nayo. Familia yake iliuawa 1918, na mwaka wa 2009 wanasayansi walipima mabaki yao wakakuta ilikuwa himofilia B. Kupitia Beatrice ikafika Uhispania. Huko wana wawili wa mfalme walikufa kwa kuvuja damu baada ya ajali za gari, mmoja 1934, mwingine 1938. Majumba yale yote, madaktari wale wote, na damu haikuuliza nani ni mfalme.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha zamani kuliko hicho. Wayahudi hutahiri wavulana wao wakiwa na siku nane. Karibu miaka 1,800 iliyopita, waalimu wao wa sheria waliona kuwa kuna akina mama ambao watoto wao hufa wakitahiriwa. Wakaweka sheria: mama akishapoteza wawili, wa tatu asitahiriwe. Tena Talmudi inaeleza kuhusu dada wanne. Wa kwanza mtoto wake alitahiriwa akafa, wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Wa nne alipokwenda kuuliza, akaambiwa asimtahiri wake. Fikiria. Hawakujua X wala Y, hawakuwa na darubini. Walitazama tu watoto wa dada, wakaona mstari unapita kwa akina mama, wakawalinda wavulana. Desturi yao ya kutahiri haikufa.

Na sisi tuna mlango huohuo. Kabla ya kutahiriwa, kijana wa Kibukusu hutumwa kwa khocha. Kwa nini asipewe swali la kwenda nalo? "Khocha, kwenu kuna mvulana aliyewahi kuvuja damu ikakataa kusimama? Jino, kidonda, goti lililofura bila kuumizwa?" Ugonjwa huu wa wavulana hupitia upande wa mama, na desturi yetu tayari inampeleka kijana upande wa mama. Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Lingeulizwa kwetu 2018, huenda kukhu angelia kabla ya kisu, sio baada.

Sikwambii kutahiri kuachwe. Mvulana mwenye himofilia anaweza kutahiriwa hospitalini, akiwekewa fakta kabla na baada, na madaktari wanaojua wanachofanya. Omukhebi na kisu chake, hapana. Hata wewe unayetahiri Desemba, huko Murang'a au Machakos, swali ni lilelile.

Sasa nikueleze kwa nini naandika hii leo. Sistangu anaolewa mwisho wa mwaka.

Piga hesabu na mimi. Kukhu ni mbebaji, hilo halina ubishi, maana alipoteza mwana na sasa ana mjukuu. Mama mdogo ni mbebaji pia. Mathe wangu alirushiwa sarafu yake. Mimi nilitahiriwa, nikapona wiki mbili, kwa hivyo X niliyopewa ni nzima. Hiyo inampa mathe matumaini kidogo, lakini haithibitishi kitu, kwa sababu huenda alinipa ile nzuri akabaki na mbovu. Mimi nimemaliza. Siwezi kumrithisha mtoto wangu himofilia ambayo sina. Naweza kuoa kesho na hakuna mtu ataniuliza chochote. Sistangu, tumbo moja na mimi, ugali wa sufuria moja, yeye ndiye yuko na swali.

Tulipokaa kama familia, mjomba mmoja alisema tunyamaze mpaka mahari ilipwe. "Mkitangaza haya mambo, nani atawaoa hawa wasichana?" Sitamcheka. Yeye aliona pikapu ile ikirudi. Anaogopa kitu cha kweli.

Lakini kunyamaza pia kuna bei yake, na sisi tumeshailipa. Ukimya wa miaka thelathini ulimpeleka Junior mbele ya kisu. Na simaanishi usimame kwa chifu utangaze. Namaanisha umwambie mtu mmoja unayetaka kuzaa naye, na umwambie daktari. Ukijua mapema, kuna mengi ya kufanya. Mama anajifungulia mahali palipojiandaa, mtoto havutwi kwa vyombo, damu ya kitovu inapimwa, hachomwi sindano za msuli ovyo kabla majibu hayajatoka. Usipojua, unajua siku ya tatu, kijana akiwa mweupe midomo.

Na mwenyewe anafaidika. Wabebaji wengine fakta yao iko chini kiasi cha kuwasumbua wao wenyewe: hedhi nzito inayoendelea siku nyingi, kuvuja sana wakijifungua au baada ya kung'olewa jino. Mama mdogo alikuwa hivyo tangu ujana wake, akidhani ni mapenzi ya Mungu. Kumbuka tu kwamba kupima kiwango cha fakta peke yake hakutoshi kila mara kumwambia mwanamke kama amebeba. Jibu la hakika ni la kupima jeni.

Nilimuuliza sistangu kama naweza kuandika. Akasema, "Andika, lakini majibu yangu ni yangu." Kwa hivyo usiniulize. Ninachoweza kusema ni kwamba alimwambia mchumba wake, na mchumba wake hakukimbia. Alichukua karatasi akasema, "Nichoree tena kile kisanduku cha Fom Foo, nimekisahau."

Wanaume, hilo karatasi ndilo ninalowaomba. Ukiambiwa mtoto ana ugonjwa unaopitia kwa mama, kabla ya kutafuta pikapu, tafuta kliniki, na mwende wawili. Kenyatta jijini na Moi kule Eldoret kuna kliniki za himofilia. Fakta ni ghali, na nyingi inayotumika hapa nchini ni ya msaada, kwa hivyo mtoto anahitaji wazazi wawili wa kumkimbiza, sio mmoja.

Na himofilia haiko peke yake kwenye X. Kutotofautisha nyekundu na kijani kuko huko. Ugonjwa wa Duchenne, unaolegeza misuli ya wavulana wadogo mpaka washindwe kutembea, uko huko. Upungufu wa G6PD, ambao ni wa kawaida mahali penye malaria nyingi kama Pwani na kandokando ya ziwa, uko huko pia, na mwenye nao anaweza kuvunjikiwa na damu akipewa dawa fulani kama primakwini. Lakini selimundu haiko huko. Hiyo huhitaji jeni kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, na hupata wavulana na wasichana sawasawa. Usichanganye.

Kama una mvulana mdogo ambaye anavilia damu akianza kutambaa, anavuja muda mrefu baada ya chanjo au jino, au magoti yanafura bila sababu, mpeleke akapimwe. Usimpe aspirini ya dukani, huzidisha kuvuja.

Junior sasa yuko Fom Foo. Goti lake la kushoto halikunjiki vizuri, damu ilishaharibu humo ndani kabla tujue, lakini anaishi, anachekesha, anashabikia timu mbovu. Juzi aliniambia wamefika kwenye jenetiki. Mwalimu alichora kisanduku ubaoni, darasa likanakili. Junior akainua mkono akauliza kama yule mama wa ubaoni alifukuzwa.

Darasa lilicheka. Hakuwa anatania.

Wikendi hii ukipiga simu nyumbani, baada ya kuuliza mvua na ng'ombe, uliza na hili. Muulize bibi yako mzaa mama kama kuna mtoto ambaye jina lake huwa halitajwi.